Aliambiwa Amepumzika

Kwenye rafu ya jikoni vilikaa vikombe vinne. Cha bluu, kikubwa, kilikuwa cha baba. Cha kijani kilikuwa cha mama. Cha njano kilikuwa cha binti mkubwa. Huyu aliitwa Maswali, kwa sababu aliamka na swali na kulala na swali. Cha nne kilikuwa chekundu, na mkono wake ulikuwa umevunjika. Hicho kilikuwa cha mdogo wake Maswali, aliyeitwa Chiriku. Chiriku alikuwa na miaka mitatu na mdomo wa watu watano.

Chiriku alifariki hospitalini. Wiki sita zilikuwa zimepita. Kikombe chake kilibaki kwenye rafu, na hakuna mtu aliyekigusa.

Jumatatu moja asubuhi, mama aliingia jikoni kuchemsha maji. Akatazama rafu. Vikombe vilikuwa vitatu.

Akatazama chini ya meza. Akatazama ndani ya ndoo. Akainua hata mfuniko wa sufuria. Kikombe hakina miguu, basi kuna mtu amekichukua. Nani?

Mume wake alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango na madirisha ya chuma.

"Baba watoto, umeona kikombe cha Chiriku?"

Mikono yake ilisimama kidogo. "Kikombe gani?"

"Kikombe cha Chiriku! Kuna kingine?"

"Sijui," alisema, akatoka.

Mama alibaki amesimama. Nyumba ina vikombe vinne, kimoja tu ni chekundu, na mwenye nyumba anauliza kikombe gani! Mama hakuridhika hata kidogo.

Kazi ya mama ilikuwa kushona. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la mbele. Jicho lake lilizoea kutafuta mshono ulioruka. Tangu msiba, jicho hilo lilitafuta kosa kila mahali. Jirani akinyamaza, mama alijiuliza kwa nini amenyamaza. Jirani akiongea, alijiuliza anaficha nini.

Zamani mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku. Baada ya mazishi, watu wakaanza kumwita Mama Maswali. Walidhani wanamsaidia asahau. Lakini kila alipoitwa hivyo, roho ilimuuma. Alihisi wanamfuta mwanawe.

Jambo lililomsumbua kuliko yote lilikuwa siku yenyewe ya kifo. Aliirudia kichwani kila alipokanyaga cherehani.

Chiriku alilazwa kwa nimonia. Siku mbili alihema kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka. Asubuhi ya siku ya tatu, nesi mmoja alimtoa sindano mkono wa kushoto, akamchoma mkono wa kulia. Mama hakuambiwa kwa nini. Mchana, kifua kikatulia. Nesi mwingine akaja, mwenye miwani ya kuning'inia kwenye kamba. Akamsikiliza mtoto kifua. Akamgusa shingo. Akatazama saa ya ukutani. Kisha akamshika mama bega.

"Mama, mtoto sasa amepumzika," alisema polepole.

Mama akasema, "Asante sana, sista."

Akachukua kikombe chekundu, kilichokuwa na maziwa yaliyobaki. Alitaka Chiriku akiamka akikute kisafi. Akaenda kukiosha kwenye bomba mwisho wa korido. Bombani kulikuwa na foleni. Aliporudi, pazia lilikuwa limevutwa. Shuka lilikuwa limefunika kitanda chote, hadi juu. Mume wake alikuwa amesimama pale na vumbi la kazi usoni.

"Ulikuwa wapi?" mume aliuliza.

"Kuosha kikombe."

Basi. Wiki sita zilipita, na hawakuongea tena habari za siku ile. Mume hakulia kwenye mazishi. Hakulitaja jina la Chiriku. Siku ya tatu alirudi kazini.

Na mama alibaki na swali lake. Ameambiwa mtoto amepumzika. Mtoto aliyepumzika anakufaje ndani ya dakika kumi? Walimfanya nini yeye alipokuwa bombani? Na ile sindano ya asubuhi ilikuwa ya nini?

Jumatatu hiyohiyo mchana, alimfuata Maswali shule ya chekechea. Mwalimu alimsubiri mlangoni.

"Mama, nyumbani Maswali analala vizuri?"

"Kwa nini unauliza?"

"Hapa hataki kulala. Saa ya mapumziko wenzake wanalala kwenye mikeka. Yeye anakaa macho. Tena anapita kwenye mikeka, anawatikisa. Anawaambia, 'Amka! Amka!' Watoto wanalia."

"Labda ni utundu," mama alisema.

Mwalimu akamtazama. "Si utundu, mama. Anaogopa kitu."

Mama hakupenda lile jicho la mwalimu. Hata huyu naye ananichunguza, aliwaza. Akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Jioni akaja jirani kupunguziwa gauni. Jirani huyu alibandikwa jina la Redio, na hata yeye mwenyewe alilizoea. Alisimama katikati ya chumba huku mama akimpima kiuno.

"Mimi sisemi kitu," Redio alianza.

Mama akajua sasa kitu kinasemwa.

"Ila mume wako, kila siku saa tisa anafunga karakana. Ananawa uso. Anavaa shati safi. Leo amebeba hata kimfuko. Anapita pale kwangu haraka haraka, hasalimii mtu. Mwanamume aliyefiwa, shati safi la nini? Mimi lakini sisemi kitu."

Sindano ilimchoma mama kidole. "Anakwenda wapi?"

"Ningejua ningekwambia, jamani! Mimi nina siri?"

Kesho yake mama alifunika cherehani mapema. Alimchukua Maswali shuleni, akasimama naye kwenye kona karibu na karakana. Saa tisa kamili, mume wake akatoka. Shati safi. Kimfuko mkononi.

Wakamfuata.

"Mama, tunamfuata baba?" Maswali aliuliza.

"Hapana. Tunatembea tu."

"Mbona tunajificha nyuma ya gari?"

"Tunakaa kivulini. Jua kali."

"Lakini kivuli kiko upande ule."

"Maswali, funga mdomo!"

Mume alipita duka la simu. Alipofika kwenye saluni ya wanawake, akapunguza mwendo. Mama akashika ukuta. Lakini mume alikuwa anasubiri magari yapite. Akavuka barabara, akanyoosha moja kwa moja, akaingia kwenye geti la hospitali.

Mama alishusha pumzi. Kisha wazo jipya likamjia, baya kuliko la kwanza. Hospitali! Kuna nini hospitali? Kuna nani?

Mume alikaa kwenye benchi, nje ya wodi ya watoto. Akafungua kimfuko. Akatoa kikombe chekundu. Akakishika kwa mikono miwili, akainama.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Akatoka nesi mwenye miwani ya kamba, yuleyule. Akamwinamia mume na kumuuliza kitu. Mume akatikisa kichwa. Nesi akamshika bega.

Mkono uleule, aliwaza mama. Damu ikamchemka.

"Ahaa! Kumbe ndiyo kazi yenu!"

Watu wote kwenye korido wakageuka. Mfagiaji akasimama na ufagio wake.

"Huyu ndiye aliyeniambia mtoto amepumzika! Nimegeuka tu, mtoto amekufa! Na wewe unamletea kikombe cha mwanangu? Mnakula njama gani nyinyi wawili?"

"Mke wangu, punguza sauti," mume alisema.

"Sipunguzi! Leo nataka kujua!"

Nesi hakukasirika. Alivua miwani, ikabaki ikining'inia kifuani. "Mama Chiriku," alisema.

Mama akanyamaza ghafla. Jina hilo hakuitwa kwa wiki sita.

"Mama Chiriku, una haki ya kujua. Na mimi nilitakiwa nikutafute siku nyingi. Baba huyu anakuja hapa kila siku. Nikimuuliza nimsaidie nini, anasema anapita tu. Leo mmekuja wote. Twendeni tukae."

Aliwapeleka kwenye chumba kidogo chenye viti, meza na mkeka. Akamwita mwanamke mmoja mnene aliyevaa sweta. Huyu alikuwa mshauri wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kukaa na familia zilizofiwa. Alimpa Maswali penseli za rangi na karatasi. Maswali akakaa mkekani, akaanza kuchora.

"Hapa hakuna swali baya," mshauri alisema. "Hata la hasira. Nani aanze?"

"Mimi," mama alisema. Macho yake hayakutoka kwa nesi. "Nilipokwenda kuosha kikombe, mlimfanya nini mwanangu?"

Nesi alitoka, akarudi na faili. Akalifungua mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa nimeandika saa aliyofariki. Saa nane na dakika ishirini mchana. Unakumbuka nilitazama saa ya ukutani?"

"Nakumbuka. Ulitazama, kisha ukanishika bega."

"Nilikuwa nimemsikiliza kifua, mama. Moyo ulikuwa umesimama. Nikakushika bega nikakwambia..."

"Ukaniambia amepumzika."

"Ndiyo. Nilimaanisha amefariki."

Penseli ya Maswali ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Siku mbili alikuwa anahema kwa taabu," mama alisema taratibu. "Siku mbili namwombea apumzike. Nikaona ametulia. Ukaja ukaniambia amepumzika. Nikasema..."

"Ulisema asante," nesi alisema.

"Nilifurahi, sista. Nilifurahi! Nikaenda kumwoshea kikombe."

Nesi alifuta macho kwa kiganja. "Nilidhani umeelewa. Ulipotoka, nilidhani umekwenda kulia nje, au kuita ndugu. Wengi hufanya hivyo. Nilichagua neno laini ili nisikuumize. Nimekuumiza zaidi. Nisamehe."

"Na ile sindano ya asubuhi?"

"Ilikuwa dawa ileile ya jana yake. Mshipa wa mkono wa kushoto ulivimba, ndiyo maana tukahamia wa kulia. Tulipaswa kukueleza. Mapafu ya Chiriku yalikuwa yameathirika sana. Tulimpa oksijeni, tukampa dawa, na nimonia ikatushinda. Nitawapangia siku mumwone daktari. Atawaeleza yote, na mtamuuliza mnachotaka."

Mume alikuwa bado ameshika kikombe. Sasa alikiweka mezani.

"Mimi nina langu moja," alisema. Sauti ilikuwa nzito. "Siku ile nilifika, nikakuta kitanda kimefunikwa shuka, na mama yake hayupo. Nikajua mtoto amekufa peke yake. Nikamkasirikia mke wangu. Nikiwa nyumbani nakiona hiki kikombe, hasira inapanda. Jana nikakichukua. Kila siku nakuja kuuliza. Nikifika mlangoni, mdomo unakuwa mzito."

"Kuuliza nini, baba?" mshauri alisema.

"Kama aliita mtu. Alipokuwa peke yake, aliita mtu?"

Mama akageuka kumtazama mume wake. Kumbe wiki sita nzima mtu huyu alikuwa anabeba jambo hili moyoni.

"Hakuwa peke yake," nesi alisema. "Nilipokuja kumpima, mama alikuwa amekaa kitandani. Vidole vya Chiriku vilikuwa mkononi mwake. Alifariki akiwa ameshikwa na mama yake. Kikombe kilikwenda kuoshwa baadaye."

Mume alimgeukia mama. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe. Mama aliuacha pale.

"Kwa hiyo nilikuwepo," mama alisema.

"Ulikuwepo," nesi alijibu.

Mama alilia. Alikuwa amelia siku nyingi, lakini kilio cha siku hiyo kilikuwa na unafuu ndani yake. Mshauri hakumwambia anyamaze. Alisubiri.

Kisha akasema, "Mtoto akifariki, wazazi hawahuzuniki kwa namna moja. Mama unalia na kuuliza. Baba unanyamaza na kufanya kazi. Mama anasema, mbona huyu halii, hakumpenda mtoto? Baba anasema, mbona huyu analia kila saa, atanivunja moyo? Mnampenda mtoto yuleyule, ila kila mtu anaumia kivyake."

"Mimi nilimshuku ana mwanamke," mama alisema.

"Mimi?" mume alishangaa. "Na hizi alama za kuchomelea mikononi?"

Mama akacheka kidogo na machozi yake.

"Kushuku ni sehemu ya msiba," mshauri alisema. "Mtu anatafuta wa kumlaumu. Anamlaumu nesi, mume, mke. Wengi hujilaumu wenyewe. Dawa yake ni kuuliza. Muulizane nyumbani, na mtuulize sisi. Na jina la mtoto mlitaje. Waambieni majirani pia. Kumtaja hakuongezi msiba."

Wakati huo Maswali aliinuka na karatasi yake. Alikuwa amechora kitanda na mtu mdogo juu yake.

"Huyu ni Chiriku," alisema. "Ataamka lini?"

Akamsogezea mama karatasi.

"Bado tu amelala? Mbona amelala sana?"

Mshauri aliwatazama wazazi. "Aliambiwaje?"

Mama alimtazama binti yake. Alikumbuka siku ya mazishi. Maswali aliuliza mdogo wake yuko wapi. Naye, akitaka asimuumize, alimjibu, "Mdogo wako amelala tu, mwanangu." Akakumbuka mikeka ya chekechea. Amka! Amka!

"Mimi ndiye niliyemwambia amelala," alisema. Akamtazama nesi. "Nimefanya kama ulivyofanya wewe."

"Ni kosa la watu wengi," mshauri alisema kwa upole. "Mtoto anachukua neno kama lilivyo. Akiambiwa mwenzake amelala na harudi, anaogopa kulala. Mwambie ukweli kwa neno la wazi. Sisi tupo hapa."

Mama alimvuta Maswali magotini. Mume akasogeza kiti karibu. Neno lilikuwa fupi, lakini lilimchukua mama muda kulitoa.

"Maswali, nilikosea. Chiriku hakulala. Chiriku amekufa."

"Amekufa ni nini?"

"Mwili wake umeacha kufanya kazi," mume alisema. "Hapumui. Hasikii baridi. Haumwi tena. Na hawezi kurudi."

"Kwa nini?"

"Aliugua sana kifuani. Madaktari walijaribu, hawakuweza."

Maswali alifikiri. "Mimi nilimnyang'anya penseli yake. Ndiyo maana?"

"Hapana!" wazazi walijibu pamoja.

"Hapana, mwanangu," mama alisema. "Si kosa lako. Hata kidogo."

"Na mimi nikilala?"

"Kulala si kufa. Mtu anayelala anapumua. Ukilala, utaamka."

"Kweli?"

"Kweli. Na ukitaka, tutakaa karibu tukikuangalia."

Walipoondoka, mshauri aliwasindikiza hadi getini. "Rudini wiki ijayo," alisema. "Na mmoja wenu akikosa usingizi siku nyingi, au akashindwa kula, au akaona hataki tena kuishi, asisubiri wiki ijayo. Aje siku hiyohiyo."

Walirudi. Daktari aliwaeleza ugonjwa mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa na maswali kumi na moja, na yote alijibiwa. Jirani Redio alipata habari, akatangaza mtaa mzima kwamba jina ni Mama Chiriku, anayebisha aje kwake. Kwa mara ya kwanza, uredio wake ulikuwa na faida. Na nesi mwenye miwani aliliacha lile neno laini. Sasa hukaa chini na mzazi, humwambia wazi kwamba mtoto amefariki, na hasogei hadi aone ameelewa.

Kikombe chekundu kilirudi kwenye rafu. Mume alikirudisha mwenyewe.

Ijumaa moja wazazi wote wawili walikwenda kumchukua Maswali chekechea. Mwalimu alikuwa akicheka kabla hawajafika mlangoni.

"Leo Maswali amelala! Tena amekoroma mpaka wenzake wakaamka kumsikiliza!"

Maswali alisimama nyuma ya mwalimu, shavu lina alama za mkeka. "Niliamka, mama," alisema. "Umeona? Nililala na nikaamka."

Mume alicheka. Alicheka kwa nguvu, akaegemea ukuta, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka. Hakuyafuta. "Chiriku naye alikuwa anakoroma hivyohivyo," alisema.

Mama hakumwambia anyamaze. Alikaa naye kwenye benchi dogo la watoto, Maswali katikati yao, hadi alipomaliza kulia.